Na Baadaye Je?

Ndugu msomaji, mpaka sasa nimeandika riwaya moja. Imo ndani ya kaunta buku ya kwaya tatu, kwa kalamu ya bluu mpaka ukurasa wa themanini na kwa kalamu nyeusi kuanzia hapo, maana ile ya bluu iliisha. Haijachapwa. Waliosoma kurasa mbili tatu ni wengi, kwa sababu washikaji wa pale kijiweni Mbinga hawaachi kitu, lakini aliyeisoma yote ni mtu mmoja tu, mjomba wangu. Ilikuwa haki yake. Riwaya yenyewe inamhusu yeye.

Nilimpelekea Mbamba Bay nikamwachia. Aliisoma kwa siku nne, jioni jioni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya vichanja vyake vya dagaa, miwani kaifunga kwa uzi wa nyavu. Siku ya tano akanirudishia. Kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kupokea sifa. Nilitegemea aseme imemtoa machozi. Yeye akalifuta jalada kwa kiganja, akaniuliza:

"Na baadaye je?"

"Baadaye ipi, mjomba?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe mwandishi. Umeniacha chini pale uwanjani. Nimelala hapo mpaka leo?"

Halafu akaongeza: "Na hiyo mvua umeitoa wapi? Siku ile kulikuwa na jua la kupasua mawe."

Tulicheka wote wawili. Lakini safari nzima ya kupanda milima kurudi Mbinga swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa mbasa, na ndilo ninalotaka tulitazame hapa. Je, ni haki kumwacha mtu pale alipoangukia?

Nianze na huyo mjomba. Alikuwa mpiga faulo. Sisemi mchezaji mpira tu, nasema mpiga faulo, kwa sababu wapo waliocheza naye ambao hawakumbuki alicheza namba ngapi, lakini wote wanakumbuka faulo zake. Mwamuzi akipuliza filimbi karibu na boksi, watu waliokuwa wamekaa walisimama, na waliokuwa wamesimama walinyamaza. Alirudi hatua nne, akaangalia chini, akaenda. Mguu wa kulia. Timu za kule mwambao, kuanzia Lituhi na Liuli mpaka Mbamba Bay, zilimjua, na zile za juu kwa Wamatengo zilimjua pia. Wapo waliokuwa wakisema kwamba Majimaji ya Songea ingemchukua. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Anasema Songea alikwenda mara mbili tu, na mara zote mbili alikwenda kununua viatu.

Siku moja ya mwaka 1993, kwenye uwanja mmoja wa Mbinga, akapewa faulo. Akarudi hatua nne. Alipoukanyaga mguu wa kushoto ili apige kwa wa kulia, ule wa kushoto ukaingia kwenye shimo la fuko. Mwili ukageuka, goti likabaki. Hakuna aliyemgusa. Mpira ulipita juu ya mwamba ukaangukia kwenye mibuni, na yeye akabaki chini. Alikuwa na miaka 22. Hakucheza tena.

Watu wengi hudhani mpigaji huumia mguu anaopigia. Mjomba husema la hasha, unaopiga unafanya kazi ya sekunde moja, unaobeba ni ule mwingine. Hilo sikuliandika kwenye riwaya. Niliandika mvua.

Sasa nimtaje mtu mnayemjua nyote. John Stephen Akhwari wa Mbulu. Nadhani hakuna aliyesoma shule Tanzania ambaye hakupata kusimuliwa habari zake, kwenye darasa ama kwenye mkutano wa hadhara. Tarehe 20 Oktoba 1968, mji wa Mexico, mbio ndefu za Olimpiki. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kwenye kilomita ya 19 hivi wakimbiaji wakasukumana kugombea nafasi, Akhwari akaanguka, goti likateguka, bega likajigonga kwenye lami. Akafungwa bendeji akaendelea. Walianza watu 75, wakamaliza 57, na yeye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwishashinda kwa saa 2 dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani jua limezama, watazamaji wengi wamekwenda zao, akachechemea mpaka kwenye mstari kwa saa 3 dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile akaanze mbio, ilimtuma akazimalize.

Mwalimu wetu alipotusimulia habari hii alisimamia hapo. Kengele ikalia, tukatoka. Nami kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu huyu baada ya pale alirudi Mbulu akalima, basi. Sikuwahi kuuliza.

Hebu sikiliza hili, ndugu msomaji, maana mimi nilipolisoma nilirudia mara tatu. Mwaka 1970, haijapita hata miaka miwili tangu goti lile kuteguka, Akhwari alikwenda Edinburgh, Scotland, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mbio zile zile ndefu. Mwingereza Ron Hill alishinda kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 28. Akhwari alikuwa wa tano. Wa tano! Muda wake ulikuwa saa 2 dakika 15 na sekunde 5.

Piga hesabu mwenyewe. Ni pungufu ya muda wake wa Mexico kwa zaidi ya saa nzima na dakika kumi. Na ni pungufu ya muda uliompa Mamo Wolde medali ya dhahabu kwa zaidi ya dakika tano. Najua utaniambia kwamba Edinburgh haiko juu kama Mexico, na kwamba njia za mbio hazilingani. Sawa, nakubali. Lakini mtu tunayemfundishia watoto wetu kama aliyekuwa wa mwisho, goti lake lilipona akakimbia namna hiyo, na sisi hatuna habari. Tumembakiza Mexico. Kila mwaka tunamwangusha upya kwenye kilomita ya 19.

Nilipoisoma habari hii niliiona kama jibu la moja kwa moja kwa mjomba. Nikasema, kumbe kosa ni letu sote, tunapenda jeraha kuliko mtu. Nikaipeleka hoja yangu kijiweni, mtaani kwetu, ambako tunakutana vijana sita saba wenye madaftari. Nikapingwa vibaya sana.

Mmoja wetu, anayeandika mashairi na ambaye hana huruma, aliniambia: "We ndugu yangu, riwaya siyo kitabu cha wageni kwamba kila siku isainiwe. Ukimfuata mtu mpaka anakwenda dukani kununua chumvi nani atakusoma? Mwandishi anakata anapotaka." Halafu akatoa hoja nyingine, nzito zaidi, na hii sikuwa na jibu lake. Alisema: "Huyo Akhwari wako, hiyo nafasi ya tano ilimpa nini?"

Twende taratibu. Mwaka 1983 Akhwari alipewa nishani ya ushujaa ya taifa. Mwaka 2000 alialikwa Sydney kwenye Olimpiki. Kabla ya michezo ya Beijing ya 2008 alifanywa balozi wa hisani, na Aprili ya mwaka huo Mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa walioubeba. Yote haya yalitokana na Mexico. Hakuna aliyemwita Sydney kwa sababu ya kuwa wa tano Edinburgh. Kwa hiyo kuanguka kule ndiko kulikomlea jina, na yeye hakukukataa. Basi mimi ni nani niseme kwamba watu wamemdhulumu kwa kukumbuka walichokumbuka?

Nimeifikiria hoja hiyo wiki nyingi. Ninachoweza kusema ni kwamba Akhwari alikuwa na kitu ambacho mjomba hakuwa nacho, yaani mstari wa kumalizia. Alianguka, akainuka mbele za watu, na kile tunachokikumbuka kwake si kuanguka bali ni kuchechemea kwenda mbele. Hiyo "baadaye" yake ilianza kwenye kilomita ile ile ya 19, na ilichukua kilomita 23. Mjomba alibebwa nje ya uwanja, mchezo ukaendelea bila yeye, na faulo iliyofuata ikapigwa na mtu mwingine.

Nikaona basi njia ni kutafuta mpigaji kama yeye. Hapa niombe radhi, maana nawapeleka kwenye mchezo ambao kwetu Ruvuma haupo kabisa, raga. Mpira wake una umbo la yai, magoli yake yana umbo la herufi H, na timu hupata pointi tatu mtu akiupiga mpira ukapita juu ya mwamba katikati ya milingoti. Kila timu ina mtu mmoja wa kazi hiyo. Anauweka mpira chini, uwanja wote unanyamaza, anahesabu hatua. Nilipoona kwenye simu ya jamaa mmoja nilisema huyu ni mjomba!

Mpigaji niliyemwona anaitwa Jonny Wilkinson, Mwingereza. Tarehe 22 Novemba 2003, fainali ya Kombe la Dunia, mjini Sydney, dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, aliupiga ukapita, Uingereza ikaifunga Australia 20 kwa 17. Yeye ni mtu wa mguu wa kushoto, lakini ule aliupiga kwa wa kulia, mguu wake dhaifu. Baada ya hapo mwili ukamgeuka. Shingo, bega, mkono, goti, hata figo. Kwa zaidi ya miaka mitatu hakuichezea timu ya taifa lake hata mechi moja. Alirudi Februari 2007 dhidi ya Scotland akafunga pointi 27 peke yake. Mwaka huo huo akafika tena fainali ya dunia, tarehe 20 Oktoba (ndiyo, tarehe ile ile ya Akhwari, mimi sikuipanga), wakafungwa na Afrika Kusini 15 kwa 6, na pointi zote sita alizifunga yeye. Halafu akahamia Toulon, Ufaransa, na pale akatwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mara mbili mfululizo, 2013 na 2014, na ubingwa wa Ufaransa mwaka huo wa 2014, ndipo akastaafu.

Nikapata wazo. Riwaya yangu itamwinua mjomba. Nitaandika sehemu ya pili, mguu umepona, anarudi uwanjani, anapiga faulo ya mwisho. Msomaji alie kwa furaha.

Nikateremka tena Mbamba Bay. Nikamwonyesha mjomba ile video. Aliitazama bila kupepesa, mpira unapita juu ya mwamba, watu wanarukaruka. Akapiga goti lake la kushoto kofi.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe lile langu lililoangukia kwenye mibuni lilikuwa pointi tatu!"

Alicheka mpaka shangazi akatoka ndani kuuliza kulikoni. Alipotulia nikamweleza habari za Wilkinson mpaka mwisho, na mpango wangu wa sehemu ya pili. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Huyo alipona, mjomba. Mimi sikupona. Sasa ukiniandika nimepona, huyo ni nani?"

Nikamwambia ni riwaya tu.

"Mara ya kwanza uliniacha chini. Sasa unataka kuniinua kwa nguvu. Katikati hapo hakuna kitu?"

Nikashindwa kujibu. Nikaomba nilale pale siku chache, nikimsaidia kazi.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Saa kumi alfajiri anaamka. Usiku mitumbwi inakuwa mbali ziwani na taa zake, ukisimama ufukweni unaona kama kuna mji mwingine upande wa Malawi umesogea karibu. Kukianza kupambazuka inarudi. Mjomba haendi nayo, kwa sababu mguu wa kushoto haumwezeshi kusimama ndani ya mtumbwi, unakataa pale pale chombo kinapoyumba. Kwa hiyo yeye ni mnunuzi. Anaingiza mkono kwenye dagaa, wale tunaowaita usipa, anawapindua, ananusa, anataja bei. Hakosei. Wanawake wanaonunua pamoja naye humwachia ataje kwanza. Kisha anawaanika, anawageuza, mawingu yakijikusanya anawafunika, na wakikauka anapakia magunia kwenye gari kwenda Mbinga. Wakati wa msimu wa kahawa Wamatengo wana fedha, anauza taslimu. Msimu ukipita anakopesha, na madeni yote anayo kichwani. Nilijaribu kuyaandika, akasema nitayavuruga.

Amefanya kazi hii kwa miaka zaidi ya 30. Mpira alicheza miaka sita.

Nilichokiona katika siku hizo, na ambacho kiliniaibisha, ni salamu. Kila anayempita aliyemfahamu zamani husema: "Shikamoo. Pole na mguu." Mpaka leo! Mtu ana nyumba, amesomesha watoto wawili, anajulikana kwa dagaa kuanzia ufukweni mpaka sokoni Mbinga, na watu wanampa pole ya mwaka 1993. Yeye hujibu "marahaba, nimeshapoa," kisha mtu akipita ananiangalia tu.

Naijua ile pole. Hapa niseme jambo ambalo sikupanga kulisema. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka nilipata daraja la nne, la mwisho kabisa kabla ya kufeli. Imepita miaka saba. Tangu wakati huo nimejifunza kufyatua tofali, nimeuza vocha, nimesoma vitabu ambavyo wenzangu walioendelea kidato cha tano hawajavigusa, nimeandika riwaya nzima kwa mkono. Lakini kuna baba mmoja jirani yetu ambaye kila tukikutana hunishika bega na kusema, "Usijali kijana, mtihani si mwisho wa maisha." Kwa sauti ya msibani. Kwake yeye mimi bado nimesimama mbele ya ubao wa matangazo natafuta namba yangu. Mtu huyo si mbaya, ana upendo. Na kila akinishika bega namchukia siku nzima.

Na mimi nimemfanyia mjomba wangu hivyo hivyo, kurasa 140, na mvua juu yake.

Yule mshairi wetu wa kijiweni bado anayo hoja. Mwandishi lazima akate mahali, hilo sikatai. Ila sasa nadhani nilikata pale si kwa sababu hadithi iliishia pale. Nilikata kwa sababu pale ndipo mjomba alipokuwa hawezi kunijibu. Mtu aliye chini amefumba macho anakubali mvua, anakubali lolote. Mtu anayenusa dagaa saa kumi na moja alfajiri atakuuliza umeitoa wapi. Ni kazi zaidi kumwandika huyo wa pili, na sina hakika naiweza. Sijui hata kama itasomeka. Huenda mshairi yuko sahihi kwamba hakuna atakayefungua ukurasa wa dagaa. Lakini kuchagua sehemu ya mtu inayonipendezea na kumwachia hiyo tu awe nayo, mbele ya watu, kwa jina lake, hilo sasa naliita dhuluma, hata likiandikwa vizuri. Na kumponya mtu ambaye hakupona, ili msomaji arudi nyumbani ameridhika, nalo naliweka humo humo.

Safari hii nilibeba kaunta buku mpya, ya kwaya mbili. Asubuhi ya mwisho nikakaa naye kabla mitumbwi haijafika, nikamwambia, mjomba, tuseme mimi sijui chochote. Ulipobebwa nje ya uwanja, ikawaje?

Alifikiri kidogo, akavua miwani.

"Mchezo uliisha tukafungwa," akasema. "Wakanilaza nyuma ya pikapu juu ya magunia ya mahindi. Njiani dereva akasimama akanunua ndizi, na mimi nikala mbili, kwa sababu nilikuwa na njaa. Hilo la ndizi hakuna aliyewahi kuniuliza. Kesho yake ilikuwa Jumatatu..."

Nilikuwa nimefika ukurasa wa sita, na Jumatatu ile bado haijafika saa sita mchana, wakati mtumbwi wa kwanza ulipogusa mchanga. Akanipa miwani nimshikie, akateremka kwenda kutaja bei.